Aloha 243: mashine ya kuona ufa ilikuwepo, ila agizo lilitanguliza jicho

Mijadala mingi ya kukagua nyufa za ndege kwa edi karenti, yaani kutafuta ufa kwenye metali kwa kalamu ya umeme na sumaku, huwa inaishia kwenye vifaa, mashine ipi, frikwensi ngapi, kalamu ya aina gani, na ni maswali ya maana sikatai. Ila kuna kisa kimoja ambacho kifaa kilikuwepo sokoni miaka mingi, mtengenezaji wa ndege alikuwa ameshaandika kitumike wapi na vipi, nyufa zenyewe zilikuwepo tena kwa wingi, na bado paa la ndege likang'oka angani abiria wakiwa wamefunga mikanda. Ni Aloha Airlines safari namba 243, tarehe 28 Aprili 1988, kule Hawaii. Wengi wanaijua kwa ile picha tu, watu wamekaa kwenye siti hewani bila dari wala ukuta. Mimi nataka tuongelee miezi kama mitano kabla ya picha, maana kisa chenyewe kwa upande wetu wa ukaguzi kiko hapo.

Tuanze na tukio lenyewe haraka. Ndege ni Boeing 737-200 usajili N73711, iliundwa 1969. Siku hiyo ilikuwa imeshapiga trip kadhaa za visiwani tangu asubuhi, saa saba na dakika 25 mchana ikaondoka Hilo kwenda Honolulu, ndani watu 95. Ilipofika tu futi 24,000 bodi ikapasuka, kipande cha urefu wa kama futi 18 kuanzia nyuma ya mlango wa mbele kikaondoka chote, juu na pembeni mpaka usawa wa sakafu. Rubani Robert Schornstheimer aligeuka nyuma akakuta mlango wa chumba chao haupo na pale palipokuwa dari ya daraja la kwanza anaona mbingu. Injini ya kushoto ikafa, taa ya tairi ya mbele haikuwaka kijani, na bado wakaishusha Kahului kisiwani Maui dakika kama 13 baadae. Mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama kwenye safu ya tano alivutwa nje na hakupatikana tena, wengine wote 94 walitoka hai, 8 wakiwa wameumia vibaya.

Alafu kuna hili ambalo kila nikilisoma nasimama kidogo: abiria mmoja wakati anapanda ndege pale Hilo aliona ufa kwenye bodi, umeenda kwa urefu kwenye mstari wa juu wa riveti (vipingili vya chuma vinavyoshikanisha mabati), kati ya mlango na ukingo wa daraja la kupandia. Aliuona kwa macho yake! Hakumwambia mtu, na kusema kweli abiria wangapi wangesema, unaanzaje kumwambia mhudumu ndege yenu ina ufa. Ila ona maana yake kiufundi, siku hiyo ufa ulikuwa umeshafika hatua ya kuonwa na mtu anayetafuta siti yake, wakati kazi ya edi karenti ni kuukamata ukiwa bado milimita chache tu, umejificha chini ya kichwa cha riveti.

Sasa ufa ulitoka wapi. Bodi ya 737 ni mabati ya alumini, na pale bati moja linapokutana na lingine linalala juu yake kidogo halafu yanapigwa riveti mistari mitatu. Kwenye ndege za mwanzo, mpaka ile ya 291 kutoka kiwandani, katikati ya mabati mawili walikuwa wanaweka kitambaa chembamba chenye gundi ya epoksi inayokauka bila kupashwa moto. Wazo lilikuwa zuri, gundi ibebe mzigo kwenye eneo lote na riveti zisaidie tu. Shida ni kwamba kitambaa kile kilitakiwa kukaa kwenye baridi, ukikitoa kinashika unyevu, ukichelewa kinaanza kukauka kabla hujakibandika, kwaiyo sehemu nyingine gundi ilishika vizuri na nyingine haikushika kabisa. Boeing waliachana nayo 1972, lakini ndege zilizotangulia zilikuwa zimeshatoka zinapiga kazi.

Gundi ikiachia, maji yanaingia katikati, kutu inaanza, na mzigo wote unahamia kwenye riveti ambazo hazikupangiwa hivyo. Hapo ndo kasoro ya pili inajitokeza. Riveti hizi ni za kichwa cha kuzama ili bodi iwe laini kwa upepo, kwaiyo tundu linachongwa kwa umbo la koni. Bati la nje lina unene wa milimita 0.9 tu, na koni ikapita unene wote, ikaacha ukingo mkali kama wembe pale chini ya tundu. Kila ndege ikipanda presha inavimbisha bodi, ikishuka bodi inarudi, mara elfu na elfu, na ukingo ule mkali wa mstari wa juu wa riveti ndo mahali uchovu wa chuma unapoanzia. Tundu hili lina kaufa, linalofuata lina kaufa, la tatu lina kaufa, kila kimoja kidogo hakitishi. Shida sio ukubwa wa kimoja, shida ni kwamba vyote vimepanga mstari, na siku vikiungana bati linachanika kama karatasi ya risiti pale penye vitobo. Bodi ilikuwa imesanifiwa ivumilie ufa mkubwa mmoja, ukifika kwenye mkanda wa kuimarisha ugeuke upande na bati lifunguke kidogo tu presha itoke taratibu. Nyufa nyingi ndogo kwenye mstari mmoja hazikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Na hapa ongeza namba. Ndege hii ilikuwa na masaa 35,496 ya kuruka, sio nyingi kwa ndege ya miaka 19. Lakini miruko ilikuwa 89,680! Gawa mwenyewe, wastani wa dakika 24 kwa safari. Boeing waliisanifu kwa masaa 51,000 na miruko 75,000, yaani kwa masaa ilikuwa bado kijana, kwa miruko imeshapitiliza. Ndege ya pili duniani kwa wingi wa miruko kati ya 737 zote, na ya kwanza ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo. Kwa sisi huku ni rahisi kuelewa, chukua ndege yenye presha inayoshinda Dar–Unguja kutwa na nyingine inayoenda Dar–Dubai, zikifikisha masaa sawa bodi zake haziko sawa hata kidogo. Sasa ukaguzi mkubwa kabisa wa bodi Boeing walipendekeza kila masaa 20,000, Aloha wakaweka kila 15,000, kwenye karatasi wanaonekana waangalifu kuliko hata mtengenezaji. Ila walikuwa wanakusanya miruko kwa kasi mara mbili ya ile Boeing waliyoitumia kupanga hayo masaa. Alafu ukaguzi wenyewe wakaugawa vipande 52 ili vifanyike usiku usiku kwa miaka, kwaiyo hakuna hata siku moja ndege ililala hanga, yaani banda la matengenezo, ikafunuliwa yote, mtu akaisimamia mbali akaiangalia ilivyo.

Haya, edi karenti. Kwa ambaye hajawahi kuishika, ni koili ndogo kwenye ncha ya kalamu, unaipitisha umeme wa AC, inatengeneza sumaku inayobadilika badilika. Ukiileta karibu na alumini, ndani ya alumini inazaliwa mikondo midogo inayozunguka, nayo inatengeneza sumaku yake ya kupinga ile ya koili. Pakiwa na ufa mikondo haiwezi kuruka hewa, inalazimika kuzunguka pembeni au kupita chini, basi koili inausikia mzigo umebadilika na mshale kwenye mita unacheza. Hakuna dawa ya kupaka, hakuna kubandua rangi ya ndege, hakuna kusubiri kitu kikauke, ndo maana kwenye bodi za alumini inapendwa.

Kinachosumbua wanafunzi ni frikwensi. Mikondo ile haiendi chini sana, inafifia, na ukiongeza frikwensi inabaki juu juu zaidi. Kwa alumini ya bodi za ndege, ile aina inayoitwa 2024, ukiweka kilohezi 100 kina chake ni kama milimita 0.4, ukishuka hadi kilohezi 1 unapata kama milimita 4. Kwaiyo kwa bati la nje la 0.9 unakwenda na frikwensi ya juu na kalamu nyembamba, unaweka kiplastiki chenye duara kuzunguka kichwa cha riveti, unazungusha kalamu taratibu ukifuata ukingo. Kwa nini kiplastiki? Kwa sababu mpaka kati ya kichwa cha riveti na bati nao ni mkatiko, ukiusogelea sana mshale unaruka hata pasipo na ufa, ukiwa mbali sana kaufa kafupi kanakupita. Umbali ukibaki uleule duara zima, basi mshale ukiruka ghafla sehemu moja hiyo ni habari. Na kalamu ukiiinamisha au ukiinua kidogo mshale pia unakwenda, rangi ikiwa nene sehemu moja unakwenda, kwaiyo kabla hujaanza unasetia mashine kwenye kibati chenye mkato mwembamba uliochongwa makusudi, na kila baada ya muda unarudi kwenye kibati kuhakikisha haijahama. Riveti moja sio kazi kubwa. Riveti mia tatu ni kitu kingine kabisa.

Tarehe 20 Agosti 1987 Boeing walitoa waraka wa tahadhari kuhusu maungio haya, wakataja mistari kadhaa ya bodi ikiwemo ile ya stringa namba 10 (stringa ni mihimili myembamba ya ndani inayokwenda kwa urefu wa bodi, kila mmoja una namba yake). Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaugeuza kuwa agizo la lazima namba 87-21-08, likaanza 2 Novemba 1987, ila wakabakiza stringa namba 4 tu, kushoto na kulia. Na mpangilio wake ulikuwa hivi: kwanza angalia kwa macho kwa karibu, ukikuta ufa ndo ukague paneli yote iliyobaki kwa edi karenti.

Soma tena hiyo sentensi. Mashine inayoweza kuona ufa ambao jicho haliwezi, inaitwa kazini baada ya jicho kuona. Paneli ambayo nyufa zake zote bado ziko chini ya vichwa vya riveti inapita safi, hata kalamu haiigusi. Najua sababu, edi karenti ni ndefu na ndege zinatakiwa asubuhi, na ni kweli pia kwamba ukikuta ufa mmoja wa kuonekana kuna uwezekano majirani zake wanao, kwaiyo kuna akili ndani yake. Ila kwa maungio ambayo hatari yake ni nyufa nyingi ndogo kwa pamoja, huo mpangilio umekaa kinyume. Hili kwangu ndo kosa kubwa la kiufundi kwenye kisa kizima, kuliko chochote kilichotokea hanga.

Kilichotokea hanga sasa. Novemba hiyo hiyo N73711 ikakaguliwa kwa agizo lile. Macho yakakuta nyufa kwenye maungio ya stringa 4 upande wa kulia, zikatengenezwa. Hapo agizo linasema weka edi karenti kwenye paneli. Wakaguzi walisema ilifanyika, kwenye rekodi za matengenezo hakuna maandishi yanayoonyesha hivyo. Baada ya ajali NTSB, taasisi ya Marekani inayochunguza ajali, ilichukua vipande vya maungio hayo hayo maabara wakakuta nyufa za uchovu kwenye matundu mengi, na wakaona kwamba ukaguzi wa Novemba ulitakiwa kukuta zaidi ya zilizokutwa. Na maungio yaliyoachia kwanza siku ya ajali wakasema ni yapi? Stringa 10 kushoto. Yale ambayo waraka wa Boeing uliyataja na agizo la lazima halikuyataja.

Hapa ndo watu wanagawanyika. Wengine wanamaliza kwa neno moja, uzembe wa mafundi, funga faili. Mimi sikubaliani na huo ufupisho, na hata NTSB hawakuufanya. Angalia kazi yenyewe ilivyokuwa: agizo lilikuwa na riveti 1,300 za kuangalia kwa macho kwa karibu, na pengine 360 kwa kila paneli kwa edi karenti. Inafanyika usiku maana mchana ndege zinabeba watu. Uko juu ya jukwaa au juu ya mgongo wa ndege wenyewe, taa mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, mita umeiweka mahali unaweza kuiona, na ukiwa juu kabisa umefungwa kamba kwenye mihimili ya hanga usije ukateleza. Chukua nusu dakika tu kwa riveti, riveti 360 ni masaa matatu ya kufuata duara na kuangalia mshale usiocheza. Ripoti yenyewe inalisema, kwamba mtu akishapita riveti baada ya riveti bila kukuta kitu ni kawaida aanze kutegemea kwamba hatakuta kitu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anajua, kuna saa mkono unaendelea kuzungusha na jicho liko kwenye mita lakini wewe mwenyewe haupo.

Ndo maana mimi kwenye kazi hii huwa nawaambia vijana mshale unatakiwa ucheze hata kama ndege haina ufa, yaani rudi kwenye kibati mara kwa mara, sio kwa ajili ya mashine peke yake. Kinakukumbusha ufa unafananaje. Dakika moja ya kuona mshale unaruka pale kwenye mkato inakurudisha akili kuliko kahawa.

Hitimisho la NTSB lenyewe limegawa mzigo. Sababu kuu wakaiweka kwa mfumo wa matengenezo wa kampuni kushindwa kuona gundi iliyoachia na uharibifu wa uchovu. Zilizochangia: uongozi kutosimamia ipasavyo mafundi wake, FAA kutokuweka kwenye agizo maungio yote yaliyotajwa na Boeing, na kutokuwepo dawa ya kudumu ya yale maungio ya gundi tangu matatizo yake yalipojulikana mwanzoni. Waraka wa kwanza wa Boeing kuhusu hiyo gundi ni wa miaka ya 70 mwanzoni. Yaani miaka 15 na ushee tatizo linajulikana, na ulinzi uliobaki kati ya ufa na abiria ni mtu mmoja na taa yake saa nane usiku.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kweli. FAA wakaanzisha mpango wa ndege zilizozeeka, na kule Albuquerque kwenye maabara ya Sandia kikafunguliwa kituo cha kupima ukaguzi wenyewe, wakiwa na mpaka bodi ya 737 ya kufanyia majaribio. Walichofanya ambacho mimi nakipenda ni kuchukua mabati ya maungio yenye nyufa zinazojulikana wakayapeleka kwenye mahanga ya mashirika ya ndege, mafundi wa kawaida, vifaa vyao vya kila siku, wayakague kama kazi nyingine. Swali halikuwa mashine inaona ufa mdogo kiasi gani ikiwa maabara mezani, hilo linajulikana. Swali ni ufa wa ukubwa huu, ukipita mikononi mwa watu hawa kwenye mazingira haya, unakamatwa mara ngapi kati ya mia. Ratiba za ukaguzi zinatakiwa kutoka kwenye namba hiyo ya pili, sio kwenye karatasi ya muuza mashine.

Na bado kisa hakikuishia 1988. Tarehe 1 Aprili 2011 737-300 ya shirika la Southwest la Marekani ilifunguka paa ikiwa futi 34,000 ikatua Yuma, Arizona, tundu la kama futi tano kwenye maungio ya stringa 4 kushoto. Uchunguzi ulikuja kukuta matundu ya riveti yalitobolewa vibaya tangu paneli ile inawekwa kiwandani, kwaiyo chanzo ni tofauti na cha Aloha. Ila ufa safari hii ulikuwa kwenye mstari wa chini wa riveti, kwenye bati la ndani lililofunikwa na la nje. Kwa nje hata ungemleta mtu mwenye macho ya tai asingeona kitu mpaka siku linapasuka. FAA wakatoa agizo la dharura kwa baadhi ya 737 za kizazi hicho zenye miruko kuanzia 30,000, na safari hii hakukuwa na cha kutanguliza macho, ni edi karenti moja kwa moja kwenye maungio ya stringa 4 pande zote mbili. Fundi akiwa nje anashusha frikwensi ili mikondo ipite bati la juu ifike la chini, na anakubali kwamba kwa kina hicho kaufa kadogo sana kanaweza kumpita kwaiyo anarudia mapema zaidi. Au aingie ndani, ang'oe dari na mapambo, aende na frikwensi ya juu kwenye bati lenyewe. Kampuni ilikuwa na ruhusa ya kuchagua. Ukiniuliza mimi ningeng'oa dari.